UZI: Mwalilia bwawa, na bwawa letu Malindi na Lamu ni mchanga

#1 MamaVyumbaVitano (Malindi)

Asalaam aleikum, na wasio wa salamu hiyo hamjambo. Leo siku ya nne bomba halijakohoa hapa kwetu Maweni, wa mkokoteni wauza mtungi bei ya sikukuu, na mimi nina wageni vyumba vitatu kati ya vitano, mmoja wao aoga mara tatu kwa siku kama alizaliwa mtoni. Jioni nkatoka nje kukaa barazani na majirani, maneno ni yale yale, serikali itujengee bwawa, mbona Nairobi wana Ndakaini, mbona Mombasa wajengewa Mwache kule Kwale, sisi tumekosa nini. Nkanyamaza manake nlikua na njaa lkn nimefika nyumbani nkaona hapana, hili niliandike.

Bwawa tunalo jamani. Ila halipigiki picha. Maji ya Malindi yatoka Baricho, ukingoni mwa Sabaki kule upande wa Lango Baya, na hayachotwi mtoni juu juu, yavutwa na pampu kutoka visima vilivyochimbwa kwenye mchanga wa mto. Mto ukijaa maji yanywea chini, yakaa mchangani, yachujwa humo humo, ndo manake mto waweza kuwa mwekundu kama chai ya rangi iliyokolea na pampu bado yatoa maji safi. Lamu nao hivyo hivyo, mvua yanyesha kwenye vilima vya mchanga vya Shela (Shela ya Lamu, si Shela yetu ya hapa mjini), yazama, na mji wa Amu wanywa kutoka visima vya pale. Mchanga ndo tangi. Sasa mtu mwenye tangi asiyejua kama ana tangi atalitunza vipi?

Ntawambia nilivojifunza mimi kwa birika langu. Nina birika chini ya ua, lita elfu kumi, alolichimba marehemu mume wangu. Miaka ya kwanza nlikua nangoja mpaka ndoo igonge chini, kooh, ndo naanza kupiga kelele wageni wasioge. Hapo ushachelewa, hata ukibana vipi huna cha kubana. Sikuhizi nina ufito nimeukata alama tatu kwa kisu. Robo tatu: bustani haipati maji na mashuka yafuliwa mara mbili kwa wiki basi. Nusu: nafunga mabomba ya mvua bafuni, kila chumba ndoo na kata. Robo: napigia simu wanaokuja nawambia mtafute pengine. Alafu alama zenyewe si za mwaka mzima. Mwezi wa kumi na moja vuli ikiwa karibu najiachia, hata nusu sishtuki. Mwezi wa kwanza kaskazi lavuma na najua masika ni mpaka mwezi wa nne, hapo likishuka kidogo tu nshaanza ubahili. Kumbe hawa wahandisi wa mabwawa makubwa nao wana ufito wao, mchoro waonyesha kila mwezi maji yakiwa hapa fanya hivi, yakiwa pale fanya vile. Siri ni moja, kubana waanza wakati bado maji yapo na watu wakuona mwendawazimu.

Swali langu: ufito wa Baricho uko wapi, na ni nani ameuona?

#2 KijanaMagarini

Mama heshima yako iko pale pale lkn hapo kwa mchanga umetuchezea. Mwaka wa 2023 El Nino ilipokuja maji yalopita Sabaki yakaingia baharini bure, siku ngapi mfululizo, bahari yote ya Malindi ikawa rangi ya matope mpaka wavuvi wakalia. Maji yale yangezuiliwa na ukuta tungekunywa mpaka leo. Kabla ya hapo toka mwisho wa 2020 mpaka mwisho wa 2022 misimu mitano ya mvua ilikataa, ng'ombe wakafa huku juu Magarini na Ganze, alafu mwaka uloofuata mafuriko. Yaani maji tunapewa yote siku moja na tunanyimwa miaka miwili. Dawa ya hio ni nini kama si bwawa? Ufito hauzuii mafuriko.

#3 MzeeWaGamba

Kijana, mimi bwawa nalijua kwa upande wa chini, na upande wa chini ndo upande unaofundisha.

Huku mto Tana, juu yetu kuna mabwawa matano kama ngazi: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma, Kiambere. Kubwa lao Masinga, lilimalizika 1981, lachukua mita za ujazo zaidi ya bilioni moja na nusu. Likifika mita 1,056.5 juu ya usawa wa bahari limejaa, linalozidi lamwagika lenyewe, halimuulizi mtu. Sasa fikiri wewe ndo meneja. Bwawa la stima walitaka lijae, maji yakiwa juu ndo mtambo wazunguka na ndo akiba ya kiangazi. Mimi wa chini nalitaka liwe na nafasi, mvua kubwa ikija ipate pa kukaa isije kwangu. Bwawa ni moja, huwezi kulijaza na kuliacha wazi siku moja. Ukilifungua mapema na mvua isije, nchi yote yakuita mjinga, umemwaga maji wakati wa njaa. Ukilikumbatia na mvua ikaja, ndo mafuriko yale ya 2018, ndo yale ya 2023, barabara ya Garsen kwenda Lamu ikakatika hapa Gamba, mabasi yakalala, nyanya Lamu zikawa kama dhahabu. Kwenye zile hesabu za zamani mvua ilikua na adabu, wajua yaja lini. Sikuhizi utabiri wenyewe wabahatisha na yule meneja bado atumia mchoro uliochorwa kwa mvua za ujana wangu.

Na tusiseme yote ni ubaya, sisi wa deltani mafuriko madogo twayataka, mpunga na malisho hutoka humo. Bwawa likikata mafuriko madogo ya kila mwaka alafu likaleta yale makubwa tu, sisi tumepata hasara mara mbili.

Jengine. Masinga laingia udongo kushinda walivyokadiria wakati wa kulijenga, kila mvua udongo wa mashamba ya juu washuka walala mle. Kila tani ya udongo imekula nafasi ya maji. Na Sabaki kwa matope ni bingwa, we mwenyewe wasema bahari ilikua matope. Weka ukuta hapo uone utahifadhi maji ama utahifadhi udongo.

#4 BintiAmu

Mama wa vyumba umenigusa. Mimi ni wa Amu, mtaa wa Langoni, na hayo ya Shela nataka niyaongeze manake hata sisi wenyewe wengi hatujui tumekalia nini.

Maji matamu ya Shela hayamo kwenye shimo wala pango. Yameelea. Kisiwa chote chini kimejaa maji ya bahari kwenye mchanga na mawe, na mvua ikizama yaja kukaa juu ya yale ya chumvi kwa kua yale ni mazito zaidi. Yafanya umbo kama dengu, nene katikati nyembamba pembeni. Na hesabu yake ni hii ambayo mwalimu wetu mmoja wa jiografia alitupa nkaikumbuka mpaka yeo: kwa kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, chini ya usawa huo kuna kama mita 40 za maji matamu. Mwaona utamu huo, lkn geuza. Ukivuta mpaka ile mita moja ya juu ishuke nusu, chini chumvi yapanda mita 20 kuja kukutafuta. Yaani kisima juu chaonyesha kimeshuka futi moja na nusu tu, mtu asema hakuna neno, na huku chini bahari ishapiga hodi.

Ndo sababu zisima vya majumbani mui wa Amu vingi ni vya kuoshea na kufulia, wengine hata sabuni haitoi povu. Babu zetu walijua. Kunywa yalikua maji ya mbali na ya mvua birikani, kisima cha ndani ni cha kazi nyengine. Sasa hesabu ya watu. Amu imeingia orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO 2001, hoteli na nyumba za wageni zikaongezeka, kila moja na bafu za mvua na nyengine na swimingi puli (wallahi kisiwani, bahari iko hapo). Alafu bandari ya LAPSSET gati la kwanza likafunguliwa 2021 kule ng'ambo, watu waja kutafuta kazi, na wao wana koo. Na vilima vile watu waviangalia waona viwanja. Eneo lilitangazwa kuwa la kulindwa kwa ajili ya maji, na kila baada ya muda twaskia kuna ukuta umeinuka, kuna mwenye hati. Mtu akijenga pale kafanya mambo mawili kwa mpigo, kaziba mahali mvua izamie na kachimba choo juu ya kinywaji chetu. Bwawa la zege mtu hawezi kujenga nyumba katikati ya maji, ataonekana. Letu sisi wajenga juu yake na wapongezwa kwa maendeleo.

#5 FundiPaipu_MLD

Naongea kama fundi si kama mwanasiasa. Mwauliza maji yaenda wapi. Nchi hii zaidi ya asilimia 40 ya maji yanayosafishwa na kusukumwa hayafiki kwenye bili. Mengine yavuja, mengine yameibwa, mengine mita imekufa yahesabu sifuri mwaka mzima. Sisi huku paipu nyengine zimezeeka kunishinda, mchanga wa pwani nao wameza maji kimya kimya, Nairobi paipu ikipasuka kwa ule udongo mweusi waona dimbwi, hapa waona tu mgomba wa jirani umenawiri.

Na mgao wenyewe waharibu paipu, hilo watu hawalijui. Maji yakikatwa siku nne paipu yajaa hewa, yakirudi yaja kwa nguvu na hewa yagonga, kiungo chafunguka. Alafu paipu tupu iliyotoboka yafyonza uchafu wa nje. Bora presha ndogo kila siku kuliko mafuriko ya Jumanne.

Baricho pia tusisahau kwamba mchanga bila stima hautoi maji. Maji yale yapanda mlima kwa pampu, bili ya umeme ni mzigo mkubwa kuliko mishahara pengine. Maji yapo chini, pampu imezimwa, mji mkavu. Na mafuriko makubwa yakija mto wahama, waula ukingo, kisima kilichokua nchi kavu chajikuta mtoni.

#6 Mjuaji001

Bahari hio hapo. Safisheni chumvi mnywe. Uzi ufungwe.

#7 FundiPaipu_MLD

@Mjuaji001 sawa bosi, bili ya stima utalipa wewe? Mitambo hio yafaa visiwani kwa kunywa tu. Kwa kuoga na mifugo na bustani ya hoteli tutauza mpaka vyungu.

#8 MpishiAlierudi

Mimi nlikua Cape Town kikazi 2018, hoteli moja jikoni, naomba niseme nilichoona kwa macho. Wale wana mabwawa makubwa sita, kubwa kabisa laitwa Theewaterskloof, lenyewe peke yake kama nusu ya akiba yote. Mvua ikakosekana 2015, 2016, 2017. Nlipofika, picha za Theewaterskloof ni jangwa, miti mikavu imesimama kwenye mchanga. Kijana wa Magarini nakwambia ukuta ulikua pale pale mzima bila ufa. Maji ndo hayakuwepo.

Kuanzia tarehe mosi Februari kila mtu lita 50 kwa siku. Hio ni mitungi miwili na nusu. Wenzangu wa pale walilia kama msibani, mimi nkacheka kimoyomoyo, nyumbani kwetu mtungi mmoja na nusu kwa mtu ni siku ya Idi. Wakasema mabwawa yakishuka hadi asilimia 13.5 mabomba ya majumbani yafungwa, watu wapange foleni vituo 200 wapewe lita 25 kila mtu. Siku hio wakaipa jina kabisa, Day Zero, wakawa watangaza tarehe yake kama mechi. Jikoni tulioshea mboga kwenye karai, maji ya karai yaenda kupiga deki, ya deki chooni.

Haikufika ile siku. Wakulima wa milimani wenye mabwawa yao walifungulia mji lita bilioni kumi, presha ikapunguzwa mji mzima, na watu wakabana kweli, matumizi yakashuka chini ya nusu ya yalivokua miaka michache nyuma. Alafu mvua ikanyesha, ukweli usemwe. Lkn kilichonishangaza si kubana. Ni kwamba kila asubuhi namba ilikua wazi, bwawa fulani asilimia kadha, jana mji umetumia lita kadha, dereva wa teksi aijua, mlinzi wa geti aijua. Ufito wa Mama hapo juu, basi walikua wameusimamisha katikati ya mji kila mtu auona. Hapa kwetu sisi kipimo ni bei ya mkokoteni.

#9 KijanaMagarini

Haya mmenibana lkn sijakubali yote. @MpishiAlierudi wale walikua na cha kubana. Mama yangu atumia mitungi mitatu nyumba ya watu saba, umwambie abane nini, roho? Kubana ni kwa wenye puli na bustani. Mtu akiandika sheria ya mgao aanze huko juu.

Na @MzeeWaGamba nimekuskia kuhusu matope. Swali sasa, kuna bwawa la Thwake lajengwa kule Makueni kwenye mto Athi, na Athi ndo huo huo Galana, ndo huo huo Sabaki. Likijaa huko juu mafuriko yetu yatapungua na mchanga utabaki nyuma ya ukuta. Kama bwawa letu ni mchanga na mchanga huletwa na mafuriko, je Baricho itakuaje? Ama itakua afadhali manake kiangazi watafungulia kidogo kidogo? Kuna mtu wa huku chini alikaa kwenye hicho kikao?

#10 MzeeWaGamba

Sasa umeanza kuuliza kama mtu wa upande wa chini. Kufungulia kiangazi kwaweza kutufaa, kama wataandika ni kiasi gani na lini, kwa tarakimu, sio "kwa kadri itakavyowezekana". Wamarekani mto wao Colorado waliugawana 1922 kwa karatasi, wakapima miaka ya mvua nyingi wakadhani ndo kawaida, wakagawana maji ambayo mto hauna. Miaka mia baadae, 2022, ziwa la bwawa lao kubwa la Hoover likashuka mpaka robo na kidogo. Karatasi haikua na nafasi ya mvua kubadilika. Na uchafu wa Nairobi waja na mto huo huo, tusisahau, wao wamwaga sisi twasubiri mchanga utuchujie.

#11 WaKizingitini

Mwaongea Amu na Malindi kama vile sisi wa visiwa vya juu hatunywi. Huku Kizingitini, Faza, Ndau, Kiwayu, ardhi yetu kisima ni chumvi tupu. Sisi twaishi kwa jabia. Kwa asojua, jabia ni sakafu pana ya saruji imelala kwa mteremko, mvua ikinyesha yateleza yaingia tangi lililo chini. Hakuna pampu, hakuna stima, ndoo na kamba.

Hesabu ni rahisi hata mtoto afanya: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mabati la mita nane kwa kumi ni mita 80, ikinyesha milimita 20 usiku mmoja ni lita 1,600, mitungi 80 hio, umelala. Mama wewe nyumba yako ni mabati ama makuti? Makuti usahau, maji yatoka rangi ya chai na yanuka.

Ila jabia nalo lataka mtu. La kwetu saruji ilipata ufa, kila mwaka kamati yasema tutaziba, tukaziba baada ya msimu mzuri kupita. Mbuzi nao wapanda juu. Na mvua ya kwanza usiiingize tangini, ile yaosha mavi ya ndege, iache ipite nje ndo ufungulie. Ikikosa misimu miwili jabia ni uwanja wa kuchezea mpira tu, maji yaja kwa mashua na bei aijua mwenye mashua. Kwa hio mimi siungi mkono bwawa wala mchanga wala jabia peke yake. Nyumba yataka vyungu vitatu.

#12 BintiAmu

@WaKizingitini nyumba za mawe za Amu zilikua hivyo hivyo, maji ya dari yaingia birikani, mengine na visamaki ndani vya kula viluwiluwi vya mbu. Sasa birika zimefunikwa vigae zimekua mahali pa kuweka mito ya wageni. Wageni wapiga picha wasema "how nice".

#13 MamaVyumbaVitano

Nimesoma yote, nimechelewa kujibu nlikua nabishana na wa mkokoteni.

Paa langu nusu mabati nusu makuti, upande wa mabati hauna hata mfereji, maji yote ya masika yalikua yaenda barabarani nami nikiyaangalia dirishani nimeshika chai. Kesho namuita fundi. @KijanaMagarini umesema kweli kuhusu mama yako, kwenye ufito wangu alama ya kwanza ni ya wageni na bustani, watoto wa nyumbani haiwagusi mpaka ile ya mwisho, na mji ufanye hivyo hivyo. Na lile swali la Thwake mimi nataka kulipeleka kwenye mkutano wa wadi, anaejua kuandika barua ya kiserikali anitumie ujumbe faraghani, nataka iombe kitu kimoja tu, kina cha maji kwenye visima vya Baricho kila wiki kibandikwe pale sokoni kwa maandishi makubwa. Si lazima watupe maji zaidi. Watuonyeshe ufito.

Haya ngojeni, naskia bomba la ua lakohoa.

Yamekuja. Presha ndogo, na yana mchanga. Narudi.